Walimu na wazazi wa Dodoma: kabla hatujamwita mtoto "mzito", tumemwangalia masikio?

#1 Mleta mada

Mbukwenyi wakuu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi pembezoni mwa Jiji la Dodoma, huu ni mwaka wangu wa 11 kazini. Nafundisha darasa la pili, kazi yangu kubwa ni KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Kuna jambo nimekaa nalo tangu muhula wa kwanza na limekataa kunitoka moyoni. Naliweka hapa kwa kuwa najua humu wapo walimu wenzangu, wapo wazazi, na wapo watu wa afya. Ni refu, naomba mnivumilie.

Januari nilipokea mtoto wa kiume wa miaka tisa aliyehamia kutoka kijiji kimoja cha Chamwino. Analelewa na bibi yake mzaa mama. Kwenye daftari la mahudhurio alikuwa wa 97. Kiwango kinachotakiwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 45, lakini tangu Serikali ihamie hapa mtaa wetu unajengwa kila kukicha, na kila nyumba inayopauliwa inatuletea watoto wawili watatu. Nataja hesabu hiyo mjue nilikuwa naangalia nyuso ngapi kwa wakati mmoja. Siitumii kujitetea.

Huyu mtoto alikuwa hajibu. Ukimwita jina, kimya. Ukimuuliza swali anakutazama mdomoni, halafu anatazama wenzake wanafanya nini, naye anafanya hivyo hivyo, kachelewa. Imla anaacha kurasa tupu. Lakini ukimpa kazi ya kunakili ubaoni, ananakili bila kukosea herufi, tena mwandiko wake ni mzuri kuliko wa darasa zima. Hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka, na sikushtuka. Nilimwandika kwenye orodha ya wasiomudu, nikamkalisha nyuma na "wazito" wenzake ili wale wanaokwenda wasonge mbele. Walimu mnaosoma hapa mnaijua hiyo safu ya nyuma.

Jambo la pili. Madawati yetu ni ya watoto watatu, kwangu wanabanana wanne, mengine watano. Yeye alikuwa anakaa peke yake dawati zima. Kila niliyempeleka pale alihama. Wakasema ananuka. Wengine walikuwa wanamwita "wa Mirembe", yaani wa hospitali ya wagonjwa wa akili, maana huku kwetu mtoto akiwa kimya au akifanya kitu tofauti, hilo ndilo jina la kwanza watoto wanalompa. Niliwakemea wakanyamaza, ila sikuuliza ananuka nini. Nilidhani ni usafi wa mwili. Nikaandika kikaratasi kwa bibi yake kwamba mtoto aogeshwe. Bibi hajui kusoma. Kikaratasi nilikuja kukikuta kimekunjwa vizuri ndani ya daftari la mtoto, miezi miwili baadaye.

Na nilimchapa. Nalisema hapa kwa sababu bila hilo nitakuwa nimewasimulia nusu. Fimbo mbili za mkononi, kwa kosa la kuitwa mara tatu bila kuitika. Aliponyoosha mkono wa pili alikuwa bado ananitazama mdomoni, anatafuta nimesema nini.

Ilikuwa Machi ndipo nilipojua, na nilijua kwa bahati. Darasa letu lina madirisha upande wa mashariki na asubuhi jua linanipiga machoni nikiwa mbele. Siku hiyo nikahama, nikaenda kusimama nyuma karibu na mlango, mkono wa kulia wa yule mtoto. Nikamwambia mtoto mwingine kabisa, kwa sauti ya kawaida, "Niletee chaki." Yule "mzito" ndiye aliyeinuka, akaenda mezani, akaniletea chaki.

Mapumziko nikamwita, nikakaa naye chini ya mwarobaini. Sikio la kushoto lilikuwa limezibwa. Mwanzoni nilidhani ni pamba. Ilikuwa kipande cha sponji ya godoro, kimelowa usaha. Nikamuuliza, nikiwa upande wa kulia, nani kakuwekea? Akasema ameweka mwenyewe, "ili wasisikie harufu".

Ndugu zangu, mtoto wa miaka tisa alikuwa amelitafutia tatizo lake ufumbuzi kabla ya mwalimu wake kujua kwamba tatizo lipo.

Bibi akanieleza kwamba sikio lilianza kutoa akiwa mdogo baada ya mafua makali, wakamtia mafuta ya moto, wakamtia maji ya majani, likawa linakauka na kurudi. Tulikwenda naye zahanati, wakatuandikia rufaa. Daktari wa masikio akasema ngoma ya sikio la kushoto imetoboka siku nyingi, na la kulia nalo lilikuwa limeanza kujaa. Sasa hivi masikio yote mawili ni makavu. La kulia linasikia vizuri, la kushoto kidogo sana. Nimemhamishia dawati la mbele, upande wa kushoto wa darasa, ili sikio zima lielekee kwangu na kwa wenzake. Anasoma sentensi. Hajafika walipo wenzake, ila anasoma.

Ninachouliza ni hiki. Kwa watoto 97, wapo wangapi wengine? Nitawajuaje bila kusubiri jua linipige machoni? Wenzangu mnafanyaje?

#2 Mama wa Chang'ombe

Nimesoma hadi pale kwenye sponji nikashindwa kuendelea, nimerudi baada ya saa nzima. Mungu akubariki mwalimu kwa kusema ukweli. Nafuatilia.

#3 Kijana wa Kizota

Shikamoo mwalimu. Pole kwa yaliyotokea, na hongera kwa kumpeleka mtoto hospitali kwa miguu yako mwenyewe.

Naomba tu mjadala usigeuke kuwa wa kuilaani fimbo. Mimi nimesoma shule ya msingi hapa hapa Dodoma, tulichapwa, na nidhamu niliyonayo leo kazini niliipata pale. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Huyo mtoto alikuwa mgonjwa, hiyo ni bahati mbaya. Wapo wengine mia ambao ni wazima na wanakaidi. Mwalimu mwenye watoto 97 ukimnyang'anya fimbo umembakishia nini?

#4 Mwalimu wa Bahi

Kijana wa Kizota, mimi ni mwalimu pia, nina watoto 80 na ushee, na swali lako ni la haki. Nakujibu kwa kanuni kwanza.

Kanuni za adhabu ya viboko shuleni ni za mwaka 2002, chini ya Sheria ya Elimu ya 1978. Zinasema kiboko ni kwa kosa kubwa la nidhamu. Visizidi vinne. Anayechapa ni mwalimu mkuu, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Mtoto wa kike achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa pale ambapo shule haina mwalimu wa kike. Na kila adhabu iandikwe kwenye daftari: jina, kosa, idadi, nani amechapa. Sasa niambie, katika miaka yako yote ya shule uliwahi kuliona hilo daftari? Kutoitika si kosa kubwa la nidhamu. Kukosa hesabu si kosa kubwa la nidhamu. Kuchelewa kwa sababu ulikwenda bombani saa kumi na moja alfajiri ukakuta foleni ya ndoo si kosa la nidhamu hata dogo.

Sasa nimjibu mleta mada. Huku kwetu cha kwanza ninachokiangalia ni tumbo. Mnajua Ugogo Januari hadi Machi ghala linakuwa limekwisha na shambani bado ni majani tu. Mtoto anatoka nyumbani bila kitu, anatembea kilomita nne, saa nne asubuhi macho yanajifunga. Mwalimu mgeni anaandika "hana usikivu". Halafu uwele ukianza kutoa masuke, watoto wanabaki mashambani kuamia ndege. Kwelea-kwelea wakishuka kwenye shamba, kazi ya mwaka mzima inaisha kwa siku mbili, kwa hiyo mzazi haoni kama anamkosesha mtoto masomo, anaona anaokoa chakula cha mtoto huyo huyo. Mtoto anarudi baada ya wiki tatu amepitwa na sauti za herufi tano, anachekwa, na kuanzia hapo anajifunza kunyamaza.

Nilichofanya mimi: aliyetoka kuamia simuulizi mbele ya darasa alikuwa wapi. Namkalisha na rafiki yake, si na mjuzi wa darasa, na dakika 20 za kabla ya mstarini namrudisha nyuma kwenye zile sauti. Watoto 12 mwaka huu walipitia hapo. Kumi wanasoma.

Na si kila aliyenyamaza ni mgonjwa wa mwili. Nilikuwa na binti wa darasa la nne aliyekuwa analala darasani kila Jumatatu. Jumatatu tu. Sitaeleza yaliyokuwa yanatokea kwao mwisho wa wiki. Walimu, namba 116 ya huduma kwa mtoto ni bure na inapokelewa. Mimi niliibandika ndani ya mlango wa choo cha wasichana, mahali ambapo mtoto anaweza kuisoma bila kuonekana anaisoma.

#5 Muuguzi

Natoa la sikio, kwa kuwa naona wengi mmeguswa na nisingependa mtu arudi kwenye mafuta ya moto.

Kuna mrija unaounganisha nyuma ya pua na sehemu ya kati ya sikio. Kwa mtoto mdogo mrija huo ni mfupi na umelala, haujainama kama wa mtu mzima, kwa hiyo mafua yakikaa sana vijidudu vinapanda kirahisi. Usaha unajaa nyuma ya ngoma ya sikio, unaisukuma hadi inapasuka. Siku ikipasuka maumivu yanapungua, na hapo ndipo mzazi anaposema mtoto amepona. Hajapona. Sikio linalotoa usaha kwa siku 14 au zaidi tunaliita sugu, na likiachwa hivyo mtoto anaendelea kupoteza usikivu taratibu. Upepo na vumbi la Dodoma vya Juni hadi Agosti vinatuletea watoto wengi wenye mafua, na baada ya mafua masikio yanafuata.

Cha kufanya ni kulikausha. Unasokota kitambaa safi chepesi kiwe kama utambi, unakiingiza taratibu, kinyonye, unatupa, unasokota kingine, hadi kitoke kikavu. Mara tatu kwa siku. Halafu ndipo matone aliyoandikiwa, maana matone juu ya usaha hayafiki yanakotakiwa. Usiache kitu kimezibwa ndani. Asiogelee kwenye malambo. Na ukiona uvimbe nyuma ya sikio, homa kali au kichwa kinauma sana, usingoje kesho.

Kuhusu harufu, inatokana na usaha, na ikikaushwa vizuri siku chache tu inapungua. Mwalimu akiwaeleza watoto kwamba ni kidonda kama kidonda cha mguuni, wengi wao wanaelewa. Watoto huku wanajua kidonda ni nini.

#6 Mama wa mtoto mwenye usonji

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa miaka, leo naandika kwa mara ya kwanza.

Mwanangu ana usonji. Ana miaka kumi. Shule ya kwanza niliyompeleka walimpokea siku tatu, siku ya nne nikaitwa ofisini nikaambiwa, mama, hapa hatuna mwalimu wake, usije ukamwumizia mtoto. Walisema kwa upole, hata maji walinipa. Nilitembea naye hadi nyumbani huku ameshika begi jipya. Ya pili walisema mlete baada ya mwaka, akikua atatulia. Nilikaa naye ndani mwaka mzima. Wifi yangu alikuwa anakuja anasema nimpeleke kwa mganga, jirani anasema kuna mtu kanifanyia.

Sasa yupo shule yenye kitengo cha elimu maalumu, mbali na kwetu, tunapanda daladala mbili. Nataka niwasimulie jambo moja tu la pale.

Kengele ya shule ni rimu ya gari imening'inizwa kwenye mti, inagongwa kwa nondo. Mwanangu alikuwa ikigongwa anajitupa chini, anaziba masikio, anapiga kelele, na ikifika hapo siku imekwisha, hakuna tena kusoma. Walimu walijaribu kumtoa mbali, haikusaidia. Mwalimu wake wa kitengo, kijana tu, akaja na wazo lake. Akamfanya yeye ndiye mgonga kengele. Anamwonyesha saa ya ukutani, mshale ukifika hapa, twende. Wanatembea pamoja hadi kwenye mti, anapewa nondo. Mara ya kwanza aligusa kidogo tu ikalia ting. Siku hizi anagonga mwenyewe, na hajitupi chini, kwa sababu kelele anaijua inakuja lini na inatoka mkononi mwake.

Mnajua kilichotokea na watoto wengine? Mgonga kengele ndiye anayeleta mapumziko. Wanamsubiri. Wanamwita jina lake. Kabla ya hapo walikuwa wanamwita "yule wa kitengo".

Mwalimu, asante kwa kukiri kuhusu fimbo. Hakuna aliyewahi kuniambia samahani, hata mmoja. Nimeichukua yako kama yangu.

#7 Mstaafu wa Mpwapwa

Wanangu, nimefundisha miaka 34, kumi na tisa ya mwisho nikiwa elimu maalumu baada ya kusoma chuo cha ualimu cha Patandi. Nimestaafu, nina muda, niacheni niseme.

Mama wa #6, pole sana, na ujue hiki. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inasema mtoto mwenye ulemavu asome shule ya kawaida, isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano maalumu. "Hatuna mwalimu wake" ni upungufu wa shule. Haiwi sababu ya kumrudisha mtoto nyumbani. Siku nyingine ukiambiwa hivyo omba waandike kwenye karatasi na wagonge muhuri, halafu nenda nayo kwa afisa elimu kata. Wengi wakiombwa muhuri hupata nafasi. Na mtoto atakapokaribia Upimaji wa Darasa la Nne, hakikisha mahitaji yake yameingizwa mapema wakati wa usajili. Baraza la Mitihani lina utaratibu wa kuongeza muda, karatasi zenye maandishi makubwa na za nukta nundu, ila haliwezi kumpa mtoto ambaye shule haikumtaja.

Mkoa huu haukuanza jana. Shule ya wasioona ya Buigiri ipo tangu 1950. Nimewaona watoto waliotoka pale wakawa walimu, wanasheria. Ila nasema pia kwa uchungu kwamba mahali pengi kitengo kimekuwa kibanda cha nyuma ya shule. Watoto wa kitengo wana saa yao ya uji, choo chao, hata mstarini hawaitwi. Hapo jengo tunalo na ujumuishi hatuna. Mimi nilikuwa nikifika shule mpya naanza na mstarini. Wote wasimame pamoja, kila mtu na darasa la umri wake. Mengine tunajifunza tukiwa tumeshasimama pamoja.

Sasa swali la mleta mada, utawajuaje. Huhitaji mashine. Chukua wiki mbili za mwanzo wa mwaka, watoto kumi kwa siku, wakati wenzao wananakili.

Sikio: mtoto akae, wewe simama nyuma yake, urefu wa mkono mmoja, asikuone mdomo. Sikio moja azibe kwa kidole akichezesha chezesha. Nong'ona maneno matatu rahisi, mbuzi, saba, ndoo, arudie. Akikosa, rudia na maneno mengine. Badili sikio. Mtoto akishindwa zaidi ya nusu, mpeleke akapimwe.

Jicho: mwambie asimame ukuta wa nyuma asome tarehe ubaoni, jicho moja limefunikwa kwa kiganja bila kulibonyeza. Asiyejua kusoma mchoree herufi E kubwa iliyogeukia pande mbalimbali, aonyeshe kwa vidole meno yanaelekea wapi. Huku kwetu, hasa Kongwa na vijiji vyake, vikope vimeharibu macho ya watu wengi, kwa hiyo mtoto anayefikicha macho na kukwepa jua msimwache.

Ulimi: mtoto aliyelelewa kwa Kigogo tupu, au Kisandawe kule Chemba, akija darasa la kwanza anaonekana mjinga wakati anasubiri tu Kiswahili kimfikie. Muulizeni kwa lugha yake kama mnaijua, au mtoto mwenzake atafsiri. Nimewahi kumwuliza mtoto kwa Kigogo mbuzi wa baba yake wako wangapi, akanitajia wote kwa rangi na aliyezaa mapacha, na huyo kwenye daftari alikuwa amepata sifuri ya kuhesabu.

Andika yote kwenye daftari moja, na daftari hilo lihame na mtoto kwenda darasa linalofuata. Nimeona mara nyingi mwalimu anamgundua mtoto, Desemba inafika, Januari mwalimu mwingine anaanza upya na fimbo.

#8 Baba wa Nkuhungu

Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule. Mwalimu wa Bahi amegusa tumbo, naomba niongeze, maana kwetu tulikosea kwa uji wenyewe.

Tulikubaliana wazazi, kila mtoto sado mbili za mahindi kwa muhula na hela kidogo ya sukari na mpishi. Wengi walitoa, wengine hawakutoa. Ikaamuliwa kwamba asiyetoa mwanawe asinywe, ili mzazi apate uchungu alete. Saa nne ikifika majina yanasomwa. Wanaotajwa wanapanga foleni na vikombe. Wasiotajwa wanakwenda kukaa kwenye kivuli cha ukuta wa choo, wanageuza mgongo wasiangalie. Ilikwenda hivyo muhula mzima na mimi nilinyoosha mkono kuipitisha.

Siku moja nilifika ghafla kukagua ghala. Nikamkuta mwanangu, darasa la tatu, amebeba kikombe chake hajanywa, anakwenda nacho kule ukutani. Nikamwita kumgombeza. Akaniambia, "Baba, kina rafiki yangu wakiona nakunywa hawachezi na mimi." Nilirudi nyumbani sina maneno.

Tulichobadilisha: orodha ya michango haitoki ofisini, mtoto haijui. Sufuria ikipikwa wanakunywa wote, au haipikwi. Michango tunaikusanya Juni na Julai watu wakiwa wamevuna, na tunapokea mtama na uwele pia, kwa nini tumng'ang'anize Mgogo mahindi? Asiye na nafaka analeta kuni au anapanga zamu ya kuchota maji. Kuna bibi mmoja hana chochote, yeye anakuja kukoroga. Bado hatukusanyi yote, muhula uliopita tulipika siku tatu kwa wiki badala ya tano. Lakini siku tatu hizo wanakunywa wote. Mwongozo wa chakula shuleni unasema kamati na wazazi ndio wenye jukumu hili, na elimu bila ada maana yake mtoto asiadhibiwe kwa mchango ambao mzazi hakuutoa. Tulikuwa nao kwenye faili, hatujausoma.

#9 Mama wa Chang'ombe

Baba wa Nkuhungu, na vikombe je? Kwetu mtoto asiye na kikombe hanywi hata kama kachangia. Mwanangu alikuwa anaazimwa cha mwenzake kikiisha, uji umeshapoa au umekwisha.

#10 Baba wa Nkuhungu

Umenikumbusha. Tulinunua vikombe vya plastiki 60 kwa mchango wa wajumbe, vinaoshwa na kubaki shuleni. Havitoshi, wanakunywa kwa awamu, darasa la kwanza na la pili kwanza.

#11 Mleta mada

Nimesoma kila kitu, mara mbili. Mzee wetu wa Mpwapwa, nilianza Jumatatu na jaribio lako la kunong'ona. Nimefikia watoto 41. Wanne wameshindwa sikio moja, mmoja yote mawili. Huyo wa yote mawili ni msichana anayekaa dawati la pili, mcheshi, anacheka wenzake wakicheka. Sikuwahi kumfikiria hata kidogo. Watatu hawaoni tarehe kutoka nyuma. Mwalimu mkuu amekubali tuwaite wazazi wanane hao kwa pamoja, na tumeomba zahanati ya kata waje wao shuleni badala ya kila mzazi kukosa siku ya kibarua.

Kuhusu fimbo. Kijana wa Kizota uliuliza mwalimu anabaki na nini. Nimelifikiria sana hilo. Mimi sikuwa hata nimeteuliwa kwa maandishi. Niliichukua tu fimbo kwa kuwa ilikuwa pale juu ya kabati. Sasa kabla ya kumwadhibu yeyote namsogelea, nainama, nauliza karibu na sikio lake, "Umenisikia?" Inachukua sekunde tano. Wengi ninaowainamia hawakuwa wakaidi.

Yule mtoto nilimwomba radhi, mbele ya bibi yake. Bibi alishangaa, akasema mwalimu haombi radhi kwa mtoto. Mtoto hakusema kitu, alinipa daftari nisahihishe. Dawatini kwake sasa wako wanne.

#12 Kijana wa Kizota

Mwalimu, nimesoma. Kwa mtoto anayepiga wenzake au kuiba sijabadilisha msimamo, tusidanganyane. Ila nilikuwa na mdogo wangu, tulisoma shule moja. Alikuwa anachapwa karibu kila siku kwa kutomaliza kunakili ubaoni. Aliacha shule darasa la tano. Mwaka jana alipata kazi ya ulinzi, wakampima macho, akavaa miwani. Siku ile ile alinipigia simu akaniambia kumbe majani ya mti yanaonekana moja moja.

Sikuwahi kuyaunganisha hayo mawili hadi leo.

#13 Mama wa Ihumwa

Samahani wakuu kwa kuingilia. Wangu ana miaka sita, anaanza la kwanza. Sikio linatoa maji ya njano tangu wiki ya juzi, haliumi, anacheza tu. Mama mkwe anasema nimtie maziwa ya mama anayenyonyesha. Nianzie wapi, hospitali kubwa au?

#14 Muuguzi

Usimtie maziwa, wala mafuta, wala kitu chochote. Huenda haliumi kwa sababu ngoma imeshapasuka. Anzia zahanati iliyo karibu nawe, kama mna kadi ya bima ya afya nenda nayo, wao watakuanzishia matibabu na wakiona inahitajika watakuandikia rufaa. Usimsuguesugue kwa kijiti. Waambie ni wiki ya ngapi sasa, hiyo ndiyo taarifa wanayoihitaji zaidi. Na usikilize wanapokupa tarehe ya kurudi, urudi hata kama limekauka. Ukitoka huko pitia shuleni, umwambie mwalimu wake ni sikio gani.